Balozi Alipomsahau Fundi Cherehani

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama tawala kule Chang'ombe, na mwaka ule wa njaa kazi yake kubwa ilikuwa kuandika majina ya watakaopewa mahindi ya msaada. Alikuwa na mwandiko mzuri. Ndio mwaka ambao vyama vingi vilifika hadi mtaani kwetu, na jirani wa nyumba ya tatu, fundi cherehani, akapandisha bendera ya chama kipya juu ya mlango wake. Orodha ilipobandikwa, fundi na watoto wake sita hawakuwamo. Baba alisema amewasahau. Walikuwa wamesalimiana kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ametoka Mlali kuja kuishi nasi. Hakubishana na mtu. Alichota nusu ya mahindi yetu, akajitwika ndoo mchana kweupe, akapita mbele ya kiti cha baba kuelekea kwa fundi.

"Mama, unaniaibisha," baba alisema.

"Nilidhani nimezaa karani," bibi akajibu bila kusimama, "kumbe nimezaa panya wa ghalani."

Akawa anapeleka kila mgao ulipokuja. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi, na nilikuwa naona haya kwa ajili ya baba mbele ya wanafunzi wangu. Mtaa nao uligawanyika. Wa chama chetu walinunua mafuta ya taa duka la juu, wa chama kipya duka la chini. Suruali ya baba ilikuwa bado kwa fundi, imekatwa lakini haijashonwa, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Ijumaa moja alfajiri bibi akafariki. Baba alilia, halafu akaanza kuogopa. Desturi yetu ni kwamba makaburini shehe huwauliza watu wanamshuhudia vipi marehemu, nao hujibu kwa pamoja, "Mtu mwema." Sijawahi kusikia jibu lingine.

"Wakinyamaza je?" baba aliniuliza. "Wale wa fundi watanikomoa mimi kupitia mama."

"Aliyewabania mahindi ni wewe, baba, si bibi."

Akanitazama kama vile nimemwonyesha kadi ya chama kingine.

Walikuja wote. Wa kwetu wakasimama upande mmoja wa kaburi, wa kwao upande wa pili, majembe wakapokezana bila kuongea. Shehe akauliza, "Jamani, marehemu mnamshuhudia vipi?" Wa kwetu wakamtazama baba. Wa kwao wakamtazama fundi. Wallahi, nilimchukia baba kwa dakika ile nzima.

"Mtu mwema," fundi akasema. "Tumekula kwake."

Hapo wote wakaitikia, mara tatu, pande zote mbili.

Wakati wa kurudi baba alimkimbilia fundi kumshukuru. Fundi hakupunguza mwendo. "Usinishukuru, balozi. Nimemshuhudia mama. Wewe bado sijakushuhudia."

Mahindi yalipokuja tena, baba aliandika orodha lakini hakuibandika. Aliibeba hadi barazani kwa fundi, chini ya ile bendera, akampa pamoja na kalamu. "Soma mbele ya watu," alisema. "Jina likikosekana, andika."

Watu wakajaa. Fundi akavaa miwani, akasoma taratibu, kama anayetafuta mtego. Jina lake alilisoma mara mbili. Alipofika kwenye majina ya nyumba yetu akamsoma baba, akamsoma mama, akanisoma mimi, kisha akasoma jina la bibi.

Watu wakaguna. "Si mnaona!" mmoja akapaza sauti nyuma. "Mambo ni yaleyale! Sasa wanakula hadi mgao wa maiti!"

Fundi akamgeukia baba.

"Mfute wewe," baba alisema. "Nimejaribu mara nne, mkono haunitii."

Fundi akamsogezea baba kigoda akae, akapiga mstari mmoja mwembamba kwenye jina la bibi, kisha akaendelea kusoma nyumba inayofuata.