Kidole cha Kendi: Kianjai hadi Embu Tukitafuta Pa Kupigia Picha

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na tisa, mia tatu na hamsini, pete ikiwemo. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu kumi na tisa kamili kwa sababu nilikuwa nimesahau sukari na majani chai tuliyompelekea nyanya yake mchumba wangu Kendi, na hiyo ndiyo sehemu ya safari ambayo ningefurahi kuisahau kabisa.

Kilichotutoa nyumbani ni picha. Siku hizi huwezi kumvisha msichana pete hapa Meru halafu mkatulia. Watu wanataka picha, na picha zinataka mandhari. Mpiga picha wetu, Njagi, mwanamume wa Embu mwenye mvi kwenye ndevu na kamera tatu shingoni, alisema kuzunguka kukagua mahali ni elfu nane. Nikamwambia nitambeba kwa gari, nitamlisha, na mwisho wa safari nitamshusha kwao Embu bila kumtoza nauli. Akafikiri, akakubali. Nilijiona mjanja.

Kuhusu pete niseme ukweli hapa, kwa kuwa huko njiani sikuusema. Niliinunua mjini kwa muuza mapambo aliyeanzia elfu kumi na nne na kuapa kwamba ni dhahabu. Nikaondoka dukani mara tatu, akaniita mara tatu, na mwisho ikawa elfu nne na mia tano. Ilikuwa saizi ndogo kidogo kwa Kendi, na kwa huo udogo akanipunguzia mia tano zaidi, ambazo tayari ziko ndani ya hiyo bei. Mimi nauza viatu vya mitumba sokoni. Najua mtu anavyoshuka bei akiwa na kitu halisi, na najua anavyoshuka akiwa na kitu cha kuondoa mezani. Nilijua, nikanyamaza. Kendi nikamwambia ni dhahabu.

Siku ya tano baada ya kumvisha, kidole kilianza kumuwasha. Siku ya nane kilikuwa chekundu, na chini ya pete kulikuwa na malengelenge madogo yenye maji. Nikamwambia ni sabuni ya kufulia. Nikamwomba asiivue kabla ya kukagua mahali pa picha, maana Njagi alitaka kuona inavyomeremeta kwenye jua. Hivyo ndivyo tulivyotoka.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka Makutano, hapa mjini Meru, kwa gari la binamu yangu, Probox, elfu tatu kwa siku, siku mbili. Kendi alikaa mbele, mkono wa kushoto ameulaza mapajani kama mtu aliyebeba yai. Njagi alikuwa nyuma akitaja miti kwa majina na kuuliza jua la huku huchwea upande gani.

Saa tatu na nusu tulikuwa Kianjai. Kendi alitaka picha ya kwanza iwe kwa nyanya yake aliyemlea, pale uani penye ua wa mikaratusi. Njagi alipapenda. Alirudi kinyumenyume hadi akakaribia kukalia beseni la mboga za nyeni. Nyanya akacheka, akampokea Kendi kwa mikono yote miwili, kisha akaacha kucheka.

"Kendi, hiki kidole kimekula nini?"

"Ni pete, shosho. Inawasha tu."

"Pete haiwashi. Mimi nimevaa bangili tangu nikiwa msichana." Akanigeukia. "Wewe kijana, Mutwiri, wewe ni wa Mitunguu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Ukoo gani?"

Nikamtajia. Akarudia lile jina polepole, akalirudia tena, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Nani aliuliza habari ya gichiaro kabla ya pete kuvaliwa?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: gichiaro ni undugu wa kiapo. Zamani koo mbili zilizochoka kupigana zilikula kiapo, zikawa ndugu. Tangu siku hiyo mtu wa ukoo huu hamnyimi wa ukoo ule akiomba, hamdanganyi, na hamwoi. Anayevunja, kiapo humfuata mwilini, na wazee husema ngozi ndiyo hutangulia. Wengi wetu wa mjini tunalijua jambo hilo kama tunavyojua kuna nyoka msituni. Hatulikumbuki mpaka tusikie majani yakitikisika.

"Shosho, hayo ni ya zamani," Kendi akasema.

"Zamani ya nani? Dada yangu alirudishwa nyumbani na mtoto mgongoni kwa sababu watu waliuliza wamechelewa. Mtoto alikuwa na vidonda kichwani mpaka walipotengana." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Sitaki kukuzika wewe kwa sababu ya picha."

Hapo nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: nyanya, hii pete si dhahabu. Niliyahesabu. Nikaona uso wa Kendi, nikaona Njagi amesimama na kamera zake, nikafikiria jinsi habari ingefika Meru kabla yetu. Nikainama nikatazama kuku.

Halafu likanijia lingine. Je, kama ni kweli? Ikiwa ukoo wake na wangu ni gichiaro, kumposa ni kosa moja. Kumdanganya ni la pili. Nikahesabu tena, ikawa yale yale mawili.

Nyanya akamtuma jirani kwa mzee mmoja anayejua mambo ya koo. Tukanywa chai. Tulipoaga, alimwambia Kendi, "Usiivue mpaka wazee waseme. Ukiivua sasa utakuwa umejibu kabla ya kuulizwa."

Saa saba mchana tulishuka Mitunguu, joto likatupokea kama mlango wa tanuri. Hapo ndipo kwetu, na mahali pa pili pa picha palikuwa shamba la ndizi la jirani yetu, maji yakirushwa juu na mabomba ya umwagiliaji. Njagi aliingia kwenye ile mvua ya kutengenezwa akipiga kelele za furaha. "Hapa, bwana harusi! Saa kumi na moja jioni, upinde wa mvua utakuwa mabegani mwenu!" Mwenye shamba alitaka elfu mbili. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujibu bei.

Nilikuwa naangalia gari. Kendi hakuteremka. Nilipofika, nikakuta kidole kimevimba pande zote mbili za pete, nyama imeifunika ukingo. Ncha yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Unakisikia?"

"Nilikuwa nakisikia tulipopita Nkubu."

Nikakimbia kibandani, nikarudi na mafuta ya kupikia na kipande cha sabuni. Tukapaka, tukazungusha, Kendi akauma ukosi wa blauzi yake. Pete haikusogea hata unene wa unywele. Ule udogo wa mia tano ulikuwa umeshika kazi.

"Mutwiri," akasema, "una jambo la kuniambia?"

"Twende Embu. Kuna madaktari wengi."

Akafunga mlango wa gari.

Saa nane na nusu tulirudi barabara kuu, tukaelekea kusini. Wanaoijua njia hiyo wanajua mteremko wa Nithi, kona baada ya kona, na jinsi kila dereva huacha kuongea akifika pale. Mimi nilikuwa nimeacha kuongea tangu Mitunguu. Nilikuwa na hofu tatu ndani ya gari moja: kidole kitakatwa, kidole kitapona na Kendi ajue, kidole kitapona na wazee waseme ndiyo, nyinyi ni ndugu. Nilipojaribu kuchagua iliyo nafuu, breki zilianza kunuka.

"Punguza gia, si breki," Njagi akasema kutoka nyuma. "Mimi bado sijalipwa."

Ndiyo kauli pekee iliyomfanya Kendi atabasamu siku ile. Kisha akalaza kichwa dirishani na kushika kifundo cha mkono wake kama anayezuia kitu kisipande juu.

Tulivuka mto Thuci, Njagi akaomba tusimame kidogo atazame daraja. Nikamkatalia, na hakuniomba tena.

Saa kumi na dakika ishirini tulikuwa Embu. Njagi alituelekeza kwenye kliniki ndogo karibu na stendi. Daktari, mama mnene mwenye miwani ya kamba, hakuuliza mengi. Alimimina maji ya baridi kwenye bakuli, akakitia kidole humo, akatoa kimsumeno kidogo cha kuzungusha kwa mkono.

"Tunaikata. Nani mwenye pete?"

"Mimi," tukasema sote wawili.

"Mwenye kulipa?"

"Mimi," nikasema peke yangu.

Ile kazi ilichukua dakika nne. Nilikuwa nimeshika bega la Kendi na yeye ameshika ukingo wa meza. Pete ilipofunguka, daktari aliipanua kwa koleo akaiinua kwenye mwanga. Nje ilikuwa njano. Pale msumeno ulipopita, ndani ilikuwa nyeupe ya kijivu kama kijiko cha hotelini.

"Hii ni nikeli imepakwa rangi," akasema. "Ngozi nyingi huikataa. Msichana, ukivaa hereni za bei ndogo, masikio hufanyaje?"

"Hutoa maji," Kendi akasema. "Tangu kidato cha pili."

Daktari akaniangalia juu ya miwani. Akaandika dawa ya kupaka, akaniambia elfu mbili mia moja na hamsini. Nikatoa. Nikamzidishia noti, naye akanirudishia.

Nje, Kendi alikaa kwenye ukuta mfupi, kidole kimefungwa bandeji. Rangi ilikuwa imeanza kurudi nchani. Njagi alijifanya anasafisha lenzi, mbali kidogo.

"Ulijua," nikasema.

"Siku ya tano. Dhahabu ya mama huwa haiwashi. Za mtaani ndizo huwasha."

"Mbona hukuniambia?"

"Niwe mimi wa kukuambia ulichonunua?" Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nilikuwa nakungoja, Mutwiri. Pale kwa shosho mlango ulikuwa wazi kabisa. Analia, na wewe unahesabu kuku."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Sikutaka nikuaibishe mbele yake, nikanyamaza. Sasa tumenyamaza wawili na mwanamke mzee amepeleka neno kwa wazee."

Tulilala kwa shangazi yake Njagi, wanawake chumba kimoja, mimi kwenye kochi.

Jumapili asubuhi Njagi alitupeleka kuona mahali pa tatu, mashamba ya chai juu ya mji, kijani kimepangwa mistari kama kitabu cha mtoto. Pazuri kupita kote. Kendi alipatazama kwa makini, kisha akamwambia, "Asante, Njagi. Hapa ndipo, kama patahitajika." Lile neno "kama" lilinifuata hadi Chuka, Njagi tukiwa tumemwacha kwao.

Hapo Chuka, saa tano, tulisimama na Kendi akampigia nyanya yake. Akaweka sauti ya juu ili nisikie.

"Shosho, ilikuwa pete. Daktari amesema ni chuma kibaya. Mutwiri alidanganywa." Akaniangalia. "Hapana. Mutwiri alijua. Atakuja kukuambia mwenyewe."

Ikaja sauti ya nyanya, bila hasira: "Nashukuru kidole kimepona. Lakini mzee ameshaanza kuuliza. Neno hili likishatoka, mwanangu, halirudishwi kwa dawa ya kupaka. Lazima lijibiwe. Anataka jina la babu ya babu yake huyo kijana."

Sikulijua hilo jina. Nikampigia baba pale pale. Baba yangu hujibu swali kabla hujalimaliza, na hupenda kusahihisha swali lenyewe. Nilipomwambia wazee wa Kianjai wanauliza habari ya gichiaro, nilisikia redio nyuma yake ikipunguzwa sauti.

"Ukoo wao ni upi?"

Nikamtajia. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Usiende tena Kianjai mpaka nikupigie," akasema, akakata.

Tulifika Makutano saa tisa. Kendi aliteremka na mkoba wake, akasema nimpigie yeye simu baada ya baba kunipigia, na si kabla.

Nilichojifunza ni hiki: kama ningesema yale maneno matano pale uani, nyanya angenitukana, angenicheka, kisha tungekunywa chai, na huenda lile swali lingebaki limelala huko lilikolala miaka yote. Sijui kama hilo lingekuwa bora. Ikiwa jibu ni ndiyo, lingekuwa ndiyo hata kama ningenunua dhahabu tupu. Nimelipima mara mbili, na kila mara napata jibu tofauti.

Sasa nawaomba ushauri, hasa nyinyi mliooa mkitoka Imenti, upande wetu wa Mitunguu, kwenda Tigania, upande wa Kianjai. Baba amenikataza kwenda Kianjai. Kendi amenitaka niende nikamkabili nyanya yake. Je, niende kesho nikakiri habari ya pete kabla jibu la wazee halijaja, ili nyanya ajue kwamba nilisema nikiwa bado na cha kupoteza? Au kwenda huko sasa, ikiwa kweli ni ndugu wa kiapo, ni kuongeza kosa la tatu? Aliyewahi kukaa kati ya swali kama hili na jibu lake aniambie alifanya nini. Leo ni Jumanne, na baba bado hajapiga.