Kometi Niliyowaitia Watu Ngulyati

Jamani, aibu hii ni yangu na sina wa kumsingizia, maana mpaka leo nikikatiza uwanja wa shule yetu hapa Ngulyati naharakisha kama ninayefukuzwa na nyuki.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kometi, ile nyota yenye mkia, ilipoanza kuonekana vizuri magharibi jua likishazama, nikajitia kimbelembele kupiga hesabu ya njia yake. Jambo lenyewe si siri: unapima mahali ilipo kati ya nyota nyingine, angalau mara tatu, halafu hesabu inakuambia inatoka wapi na inaelekea wapi. Nikaipiga picha kwa simu jioni tatu mfululizo, nikapima, nikaona yatosha. Mwalimu Kabula wa hisabati (yeye alikuwa akiipiga picha tangu ilipokuwa hafifu, wiki kadhaa kabla yangu, kila jioni isiyo na mawingu) akaniambia, "Masunga, subiri. Kwa siku tatu imesogea kidogo mno. Ukikosea upana wa unywele, njia yote inapinda."

"Kabula, wewe una woga," nikamjibu. Basi, nikawa nimejichimbia shimo.

Hesabu yangu ilisema kometi bado inaliendea jua, na Jumamosi ya wiki ya pili itang'aa kupita siku zote. Nilimwambia mkuu wa shule tu, tena kwenye chai. Mkuu akatangaza mstarini, wanafunzi wakapeleka majumbani, makanisani nako ikatangazwa (sijui nani alipeleka), na kwa kuwa mawingu yalitanda siku zote zile, hakuna aliyeiona ikififia. Jumamosi uwanja ukajaa, spika, ngoma, watu mpaka wa Nkoma, na mstari wa mbele kabisa baba mkwe wangu, katoka Lagangabilili na kanzu yake ya sikukuu.

Jua likazama. Mbingu safi, hakuna hata wingu moja. Na kometi hakuna.

Kipaza sauti kilikuwa kinateleza mkononi kwa jasho. Ghafla nikaona mwanga mwekundu chini kule, nikapiga kelele, "Ile pale!" Watu wote wakageuka. Ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Ilikuwa taa ya mnara wa simu.

"Mwalimu, iongezee salio!" mtu akapaza sauti, uwanja mzima ukaangua kicheko, na wapiga ngoma, bila huruma, wakanipigia.

Kabula akapanda jukwaani, akanichukulia kipaza sauti. "Ndugu zangu," akasema, "tumekosea. Tulipima kwa haraka. Kesho tunarekebisha, anayependa aje." Tumekosea! Yeye ambaye alinikataza!

Kesho yake baada ya ibada tukakaa kwake na picha zake zilizoachana siku nyingi, tukapiga upya. Kometi ilikuwa imekwishalizunguka jua, inaondoka zake, hafifu, tena juu sana ya pale nilipowakodolesha watu macho. Jioni tukaenda uwanjani na darubini yake ya mkononi. Hakuja mtu, isipokuwa baba mkwe.

"Mwadila, baba," nikamwamkia, macho chini.

"Mwadila. Nionyeshe."

Tukailekeza palepale hesabu iliposema, na ikawemo, kama pumzi juu ya kioo. Mzee akaitazama.

"Itarudi lini?"

"Baba, ni maelfu ya miaka. Hata vitukuu wetu hawataiona."

Akanirudishia darubini, akapiga hatua mbili tatu, akageuka. "Hebu lete tena. Kitu kama hicho hakiagwi mara moja." Kisha akanishika bega, akalishikilia kitambo.

Nimeapa: sipimi tena kitu cha siku tatu nikakitangazia mwisho wake, kiwe cha angani au cha duniani. Na Kabula nilimshukuru palepale, nikamwambia sijui nitamlipa nini.

"Usinilipe," akasema, akifunga darubini yake. "Ila kesho kipindi cha kwanza ni chako, na watoto watakuwa wameshachora mnara ubaoni. Ingia ukicheka."

Nikaingia nikicheka.