Atonwa Hakuiba Firimbi

Si kweli kwamba Atonwa aliiba firimbi. Maneno hayo yalizunguka katika jamii ya Akwesasne miaka kumi na tisa, yakikolezwa na watu ambao hawajawahi kushika fimbo ya lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye nyavu, na mkewe Warisose, mwalimu aliyewafundisha watoto wa watu hao hao kusoma, akayavumilia. Siku ya kumi baada ya mazishi ya Atonwa, karamu ya marehemu ilipomalizika na mabakuli ya supu ya mahindi kuondolewa, aliona imetosha.

Wazee wa timu walikuwa wakijadili kama picha ya Atonwa itundikwe kwenye ukuta wa uwanja.

"Picha ya mwizi?" akacheka Sose, aliyecheza naye na kujenga naye madaraja ya chuma. "Usinune, shemeji. Fainali ile refa alimwadhibu mara tatu kwa kuanza kabla ya firimbi. Sote tuliona!"

"Kaa chini, Sose, nikufundishe mchezo uliocheza miaka kumi bila kuuelewa."

Watu wakaangua kicheko. Warisose hakucheka. Kwa mila yao mwanamke haigusi fimbo ya mbao ya mwanamume, naye hakuwahi kuigusa; lakini kutazama hakukatazwi. Akaeleza. Wanaume wawili wanachuchumaa katikati, fimbo zimelazwa sakafuni, mpira kati ya nyavu mbili. Wajinga huukodolea macho mpira. Atonwa alishusha mkono hadi shingoni mwa fimbo, uzito akauweka kwenye vidole vya miguu, bega lake chini ya bega la mwenzake. Hakuchota. Aliugandamiza mpira kwa mgongo wa wavu, akauvuta nyuma kati ya miguu yake. Akiwahiwa, hakushindana nguvu: alimwacha mwenzake abane, akapenyeza fimbo chini, akainua.

"Hayo tunayajua, mwalimu," Sose akasema. "Na firimbi je?"

"Alitazama koo la refa. Koo hupanda kabla pumzi haijatoka. Alishinda hivyo misimu minne. Siku ya fainali akaja refa mgeni, anavuta pumzi halafu anangoja. Atonwa aliona koo limepanda, akaanza. Huo ni wizi?"

"Kwa nini asisikilize kama sisi wengine?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Kiburi kikamtangulia.

"Kwa sababu alikuwa kiziwi! Nyundo za madarajani zilikuwa zimemmaliza masikio. Alificha ili asiachishwe kazi ya juu ya boriti. Mlimwita mwizi, kumbe aliwashinda wenye masikio yao mazima!"

Mzee mmoja akavua kofia. "Picha itatundikwa," akasema, na wengine wakaitikia. Warisose aliyafunga macho. Miaka kumi na tisa.

Alipoyafungua, Sose hakuwa akicheka tena.

"Misimu minne, umesema."

Warisose alijua anachohesabu. Mwaka mmoja kabla ya fainali, ndani ya misimu hiyo minne, Wishe, mdogo wake Sose, alianguka kutoka darajani. Aliyekuwa naye juu ya boriti ni Atonwa peke yake. Atonwa aliapa kwamba hakusikia kitu, upepo ulimeza sauti. Warisose hakumwuliza zaidi, hata siku moja.

"Wishe aliita mara tatu," Sose akasema. "Arushiwe kamba. Sisi tuliokuwa chini kabisa tulimsikia. Mama yangu amekufa akiulaani upepo, shemeji."

Mzee yule alikuwa bado ameishika kofia mkononi, hajui airudishe kichwani au vipi.

Warisose akasimama, akachukua sufuria yake ya supu, akaifunika vizuri.

"Mume wangu hakuiba firimbi. Hilo ndilo nililosimama kulisema."

"Warisose. Ninakuuliza habari za ndugu yangu."

"Nimesikia unachouliza, Sose. Sisemi zaidi."