Mwalimu Yasawathi na Binti wa Loku Banda

Mwalimu Yasawathi alifundisha watoto kucheza ngoma za asili katika shule moja ya milimani, karibu na Kandy, Sri Lanka. Baba yake, mzee Ukkuwa, ndiye aliyewapigia ngoma. Walikuwa wa ukoo wa wapiga ngoma, ukoo ambao matajiri wa kijiji waliuweka chini, ingawa hawakuzika mtu bila kuuita.

Kwa desturi, mwanafunzi mpya humpa mwalimu majani ya tambuu, kisha hupiga magoti na kumgusa miguu. Dinithi alipoingia darasa la sita, baba yake, Loku Banda mwenye mashamba ya chai, alifika mwenyewe.

"Kucheza acheze, mwalimu, ni somo. Lakini mwanangu kumpigia magoti binti wa Ukkuwa? Hilo halipo!"

Dinithi aliinamisha uso. Wenzake kwenye foleni walianza kumcheka.

"Nyamazeni," Yasawathi akasema. "Leo hapigi magoti mtu. Tambuu wekeni mezani, mjipange tuanze."

Jioni mzee aliusukuma wali wake kando.

"Mimi wamenidharau maisha yangu yote, nikameza. Leo mwanangu mwenyewe anawasaidia."

"Baba, ningemwacha mtoto aaibike peke yake?"

"Na mimi je? Nimeaibika na nani?"

Mzee hakukanyaga tena shuleni. Watoto wakawa wanacheza kwa makofi, mwalimu akiwatajia midundo kwa mdomo hadi sauti inamkauka.

Masika yalipoanza, Ukkuwa alifariki, bado wamenuniana. Wanafunzi walikuja msibani na sare zao nyeupe, Dinithi akiwa miongoni mwao. Alilisogelea jeneza lililokuwa wazi, akapiga magoti, akaigusa miguu ya marehemu. Watu wakatazamana.

"Baba yako anajua uko hapa?" Yasawathi alimnong'oneza.

"Atajua tu, mwalimu."

Loku Banda alijua siku hiyohiyo. Kabla ya juma kwisha alimhamishia bintiye shule ya mjini, na Yasawathi hakumwona tena.

Ngoma ya mzee ilikaa ukutani mpaka matanga yalipoisha. Kwa desturi, wanawake wa ukoo ule hawakugusa ngoma. Yasawathi aliitungua, akaifunga kiunoni, akaenda nayo darasani. Alikosea midundo, akaanza upya. Watoto walimsubiri wakiwa tayari kucheza, magoti yamekunjwa, mikono imenyooshwa.