Kitufe cha "Thibitisha"

Dada Pyo Malsun hamwamini mtu. Hata mimi, ninayemtengeneza nywele hapa saluni kwangu Daejeon tangu mumewe yu hai, nikimwosha kichwa hufumba jicho moja tu.

Zamani hakuwa hivi. Ni ile simu iliyomharibu: sauti ya msichana inalia, "Mama, simu yangu imevunjika, natumia ya rafiki," kisha ujumbe wa kubonyeza "Thibitisha". Akabonyeza. Akaunti yake ya benki ikabaki tupu. Tangu siku hiyo bintiye Garam akipiga kutoka Mokpo anakoishi, huulizwa kwanza jina la mbwa wao wa zamani.

Mwaka huu Garam ana mimba ya kwanza, na siku zake za kujifungua zimeangukia sikukuu ya mwaka mpya. Tiketi za treni za sikukuu huuzwa kwenye tovuti, na huisha kabla hujakaa sawa. Malsun alitaka kuwepo, ampikie mzazi supu ya mwani, kama desturi yetu, kwa mikono yake. Hilo tu.

Basi wenye tovuti wakamtuma binti mmoja, Seol Dahae, kwenye ukumbi wa mtaa, aone wazee tunakwama wapi.

"Mama, huu ni ukurasa wa majaribio tu, nunua tiketi. Mimi sitakusaidia, nitakutazama tu."

"Unitazame uone nini?"

"Na useme kwa sauti chochote unachofikiria."

"Nafikiri wewe ni mwizi."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Dahae, maskini, akaliandika hata hilo.

Malsun alikwenda vizuri mpaka kitufe cha mwisho: "Thibitisha". Akarudisha mikono mapajani.

"Hapo sigusi. Nathibitisha nini? Kwa nani?"

"Ungependa kiandikwe nini, mama?"

"Kiseme kinachofanya! Nunua tiketi ya kwenda Mokpo. Kwani ni siri?"

Siku ya mauzo alikuja saluni, tukafungua tovuti pamoja. Mwishoni kabisa, kitufe kimeandikwa: "Nunua tiketi ya kwenda Mokpo". Nikadhani atafurahi. Thubutu!

"Haya maneno ni yangu! Wameyatoa wapi?"

"Si ulimwambia yule binti mwenyewe?"

"Alikuwa anayakusanya ili anipate vizuri!"

Huku ukurasa unatuhesabia muda, karibu ututupe nje. Nikapandwa na hasira.

"Dada, mjukuu atazaliwa wewe uko hapa unakishuku kitufe!"

Akanitazama kwa jicho baya. Kisha akabonyeza, macho yote mawili ameyafumba.

Tiketi ikaja. Hata hivyo siku ya safari ilibidi nimsindikize stesheni, maana aliapa kuwa hicho kiti hakipo. Treni ndiyo inaingia, simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Mama, ni mimi! Simu yangu imezima, hii ya nesi..."

Malsun akakunja uso. "Mbwa wetu aliitwa nani?"

"Mbwa? Nina uchungu hapa, wewe unaniuliza mbwa? Njoo, bwana!"

Yule wa upande wa pili akakata simu. Nikashika kichwa, nilijua sasa atageuza arudi nyumbani.

"Ni yeye," akasema, machozi yanamtoka. "Mwizi angekuwa na adabu."

Akakumbatia kifurushi chake cha mwani, akapanda, wala hakuuliza kama treni ndiyo yenyewe.