Mkamwana Aliyepumua Mbele ya Ugali

Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Haya. Kuna mkamwana hapa Maisaka, mdomo wake moto. Wameshamwonya, akimjibu mama mkwe tena anarudishwa kwao.

Juzi mama mkwe kaonja chakula. "Huu ni ugali au uji?"

Mkamwana kafumba macho, kavuta pumzi, kaitoa polepole, kama walivyofundishwa semina ya akina mama kanisani. "Mama, nina hasira. Nisubiri kidogo." Kapumua tena, fuuuu!

"Yesu wangu, mapepo!" Mama mkwe akala ugali wote kimya, asimchokoze pepo.

Kanisimulia mama mkwe mwenyewe, mashineni tukisubiri kusaga. Nikacheka mpaka nikamwaga mahindi yake. Mama mkwe naye kafumba macho: "Mama, nisubiri kidogo. Fuuuu!"