Nilichora Mdomo Mmoja kwa Vikapu Kumi na Viwili

Naanza na kosa lenyewe ili usije ukanihurumia mapema: nilikuwa mvivu, na uvivu wangu leo unauzwa Iringa mjini kama mila ya mababu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uchoraji katika chuo kimoja hapa Mbeya. Mradi wa kumalizia ulikuwa na sehemu mbili, insha ya utafiti na michoro, na mkufunzi alitaka viende pamoja. Nikachagua vikapu vya milulu, yale majani ya bondeni wanayosukia wanawake wa Iringa. Usidhani ni mapenzi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni msukaji kijijini huko, kwa hiyo nikaona utafiti umeisha kabla haujaanza.

Nilikaa kwake siku moja tu. Alinipa togwa, akanipangia vikapu kumi na viwili, vyake na vya majirani.

"Kama unachora, chora midomo," aliniambia. "Hii tumbo kila mtu anasuka. Mdomo ndiyo mwenyewe. Huu wa kwangu nilifundishwa na mama."

Mdomo ni ule ukingo wa juu ambapo kikapu kinamalizikia, na kila mwanamke ana namna yake ya kuukunja. Mimi nilikuwa nawahi basi la kurudi. Nikaweka daftari mapajani kwa heshima, nikachora mistari miwili mitatu asinione sina kazi, halafu nikapiga picha kwa simu. Matumbo yalitoka vizuri. Midomo ilitoka ukungu mtupu, isipokuwa mmoja, wa jirani yake.

Sasa niambie, wewe ungerudi Iringa kwa ajili ya ukingo wa kikapu? Nikabandika ile picha moja kwenye kioo cha dirisha la bweni, nikaweka karatasi juu yake na kupitisha penseli. Mara kumi na mbili. Jioni nilikuwa na vikapu kumi na viwili vyenye mdomo mmoja, na nilijiona nina akili sana.

Mkufunzi aliviangalia muda mrefu.

"Mbona midomo yote inafanana?"

Hapo ndipo ningesema ukweli nikapewa wiki moja ya kurekebisha. Nikamjibu, "Ndiyo mila yenyewe, mwalimu. Haibadiliki."

"Basi iandike. Mchoro wako unasema kitu ambacho insha haisemi."

Nikaandika. Mchoro ulikuwa umedanganya, insha ikaja kuutetea. Nilisema mdomo una mizunguko mitatu: wa kwanza ni wa waliotangulia, wa pili wa walio hai, wa tatu wa watakaozaliwa. Nilitoa wapi? Kichwani, nikisubiri maji ya kuoga yachemke. Chini nikaweka "kwa mujibu wa msukaji mkongwe", yaani Shangazi. Nikaongoza darasa zima. Mkufunzi aliwaambia wenzangu kwamba hatimaye kuna mwanafunzi aliyekwenda kijijini akakaa na kusikiliza.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini sifa zilinipanda, nikapeleka nakala kwa mwenye duka anayenunua vikapu vya kina Shangazi. Ni mzee Mhindi aliyezaliwa Iringa hiyohiyo, anakusalimia "kamwene" kabla hujafungua kinywa, mtu mwema. Akapenda mno. Akachapisha kadi zenye mchoro wangu na maelezo ya ile mizunguko, akafunga moja kwenye kila kikapu.

Na wageni wanasoma, jamani. Mteja alikuwa anashika kadi mkono huu na kikapu mkono huu, anahesabu mizunguko. Kama haikutimia, anauliza kilipo kile cha asili. Mzee wa watu akaanza kuwarudishia wasukaji vikapu vyao.

Nilipokwenda kusalimia, nilimkuta Shangazi na vikapu vitano vilivyorudi. Alinipa ile kadi.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayaoni vizuri. Nimesuka tangu sijaolewa, kumbe nakosea. Nisomee nijue wapi."

Nilimsomea. Nilimsomea Shangazi yangu uongo wangu kuhusu mikono yake, naye akaitikia kila sentensi kama yuko kanisani. Hata hilo si baya zaidi. Aliposema hajaelewa ule mzunguko wa pili, nilitoa penseli nikamchorea mkubwa, uonekane. Jioni ile alifumua midomo ya vikapu vyote vitano. Mimi nilikuwa namshikia milulu.

Mwaka uliofuata, sikukuu ya mavuno ilipofika, wanawake walipeleka mahindi na maharage kanisani kama kawaida. Vikapu vikamwagwa, vikarundikwa nyuma ya madhabahu. Zamani kila mmoja alikuwa anapitisha kidole kwenye mdomo, anachukua chake na kwenda nyumbani. Safari hii walisimama pale wanavutana, mke wa mzee wa kanisa akidai ameibiwa. Mchungaji akashauri waandike majina kwa kalamu. Nilicheka, kisha nikaona aibu mpaka nikatoka nje.

Kesho yake nikamwambia Shangazi kila kitu, kioo cha dirisha na maji ya kuoga.

"Kwa hiyo hao waliotangulia na watakaozaliwa, ni wewe umetunga?"

"Ni mimi, Shangazi."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Halafu akaacha kucheka.

"Usimwambie mtu. Wanawake wote wa hapa nimewafundisha mimi. Nimewaambia ni ya mama."

Ndiyo maana huoni jina langu hapa.

Nikamwomba basi anisukie ule mdomo wa bibi, mara hii niuchore kwa haki, mkunjo kwa mkunjo. Alifurahi. Akalowesha milulu, akaanza. Mkono ukaenda kwenye mizunguko mitatu. Akafumua. Akaanza tena, ukaenda kulekule. Mara ya tatu aliweka chini, akabaki anaangalia vidole vyake. Vikapu vya nyumbani alishavifumua vyote, vilivyouzwa vimeshakwenda na wenyewe.

"Haidhuru," akasema. "Lete ile daftari yako. Siku ile ulikaa hapa, nilikuona unachora. Si uliuchora?"

Nilisema nitaitafuta Mbeya, na mpaka leo akinipigia simu ananiuliza kama nimeipata.

Wewe mwanafunzi uliyepewa mradi kama wangu, ukiona mkufunzi amekusifu kwa kitu ambacho hukukiona kwa macho yako, mfuate siku hiyohiyo, umwambie, ukubali kufeli. Ukifeli, utarudia mwaka mmoja. Mimi nilifaulu, na sasa sijui bibi yangu alikuwa anamaliziaje kikapu.